Vichwa Sita Ghalani

Vile vichwa sita vilivyopatikana katika ghala la Cucu Ntinyari vilikuwa vyangu. Nilivitengeneza kwa mikono yangu, na ni mimi niliyemwomba anihifadhie. Naanza na hilo kwa sababu wapo ambao mpaka leo wanalisimulia vingine.

Kazi niliyojulikana nayo ni kutengeneza simu na redio. Nina kibanda sokoni kwetu, karibu na kinu cha posho, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka Ishiara. Kazi yangu ya pili watu hawakuijua. Wapo vijana, na hata watu wazima wenye familia, wanaopenda michezo ya kompyuta na simu, ile ya kupigana na kuvuka majangwa na kuteka ngome. Mtu anampenda shujaa mmoja ndani ya mchezo mpaka anataka kumshika mkononi. Dukani hayupo. Basi ananitumia picha zake, za mbele, za nyuma na za ubavuni, nami ninamtengeneza awe mrefu kama kiganja na vidole vyake, viungo vyote vikikunjika: shingo, bega, kiwiko, goti.

Nilinunua wanasesere wakuukuu kwenye marobota ya mitumba Embu mjini, nikawavunja na kuchukua viungo. Mwili niliujenga upya kwa gundi ya mafundi wa mabomba, ile inayokandwa kama unga wa chapati halafu ikakauka kama jiwe. Uso niliuchonga kwa sindano na kijiti cha meno, nikausugua kwa msasa, nikaupaka rangi. Kabla ya kuchora macho nilikuwa naomba, kwa sababu mkono ukitetemeka hapo uso wote umeharibika. Sioni aibu kusema hivyo. Kazi ya mikono ni ya mikono, lakini utulivu wa mkono hatujipi wenyewe.

Nilichowazidi mafundi wengine ni nywele. Wao huchonga nywele kwa gundi hiyo hiyo, zikakaa kichwani kama kofia. Mimi nilitumia nywele za watu. Nilizipandikiza chache chache kwa sindano, kama mtu anayepandikiza miche ya sukuma kitaluni, kisha nikazikata na kuzilainisha kwa mafuta. Wateja wa Nairobi walinipigia simu kuniuliza nimefanyaje. Sikuwaambia.

Nywele zilitoka saluni ya Beverlyne, pale pale sokoni, na aliyeifagia saluni hiyo ni Ntinyari. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mtu wa Meru aliyeolewa huku kwetu Mbeere akiwa msichana. Alizaa watoto wawili akawazika wote wawili, kisha akamzika na baba yao. Alikaa huku miaka hamsini, na bado watu waliliita boma lake "kwa yule Mmeru". Sisi tuliokulia karibu naye tulimwita cucu, kama tunavyowaita nyanya zetu.

Siku ya kwanza aliponiletea mfuko alisimama mlangoni akanitazama.

"Takataka hizi unazipeleka wapi, Nthiga?"

"Ni za kazi, cucu."

"Kazi gani ya nywele? Unashona blanketi?"

Nikamwonyesha shujaa mmoja niliyekuwa nimemmaliza. Alimgeuzageuza, akamkunja magoti, akamketisha juu ya kopo langu la misumari.

"Huyu anakula?"

"Hali, cucu."

"Basi ni mgeni mzuri. Akikushinda mlete kwangu."

Nilimwomba asimwambie mtu. Mimi nafundisha watoto kanisani kila Jumapili. Miaka michache kabla ya hapo alikuja mhubiri mgeni, akainua mbele yetu mdoli mmoja wa plastiki wenye pembe na kusema ni madhabahu ya mapepo ndani ya nyumba zetu. Wazazi walileta vitu vya kuchezea vya watoto wao vikachomwa uwanjani. Nilikuwepo, na niliitikia amina pamoja na wengine. Nilipoanza kazi hii baadaye, nilimwuliza Mungu kama ni dhambi, na moyo wangu ulikuwa na amani. Lakini amani hiyo sikuwahi kuipeleka mbele ya watu. Niliificha.

"Mimi nitamwambia nani?" Cucu alinijibu. "Huwa naongea na kuku, na kuku hawaendi kanisani."

Sasa, rangi inataka mahali pakavu pasipo vumbi. Kibanda changu kiko ubavuni mwa kinu, unga unaruka mchana kutwa, na vumbi la barabara linamalizia. Ghala la cucu lilikuwa la fito, limeinuliwa juu ya nguzo, upepo unapita. Kwa sababu ya ukame wa misimu miwili halikuwa na kitu ila magunia na mtama kidogo. Nikawa ninachomeka vichwa juu ya vijiti, ninavisimamisha kwenye kipande cha godoro kuukuu, na kuviacha humo siku nne au tano, au mpaka agizo zima likamilike. Cucu aliondoa ngazi ili watoto wasipande.

Mwezi wa nane nilipata agizo kubwa kuliko yote. Kijana mmoja wa Meru mjini anayeitwa Ayanle, ambaye watu wake wana malori, alitaka kikosi kizima cha mchezo anaoupenda, mashujaa sita. Kiongozi wao ni mwanamke mpiga mishale, jina lake Zaruna, mwenye nywele za rangi nyekundu iliyokolea, kama udongo wetu baada ya mvua.

Rangi hiyo niliijua. Igoki, binti wa jirani yetu Njuki, alizipaka nywele zake rangi hiyo alipomaliza shule. Mama yake aligombana naye mwezi mzima. Alipopata nafasi ya chuo Embu, aliamua mwenyewe kuzikata aanze upya, na Beverlyne alizikata. Cucu aliniletea zikiwa zimefungwa kwa uzi. Nilifurahi. Nilizipandikiza kwenye kichwa cha Zaruna kwa siku tano, na sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile.

Kabla sijamaliza vichwa vingine, Igoki alishikwa na homa. Alipewa dawa, akapata nafuu siku moja, kisha akazidiwa. Alifariki siku ya nne, akiwa na miaka kumi na tisa.

Niliimba kwenye mazishi yake. Nilikuwa mmoja wa watu sita waliobeba jeneza. Na wakati huo wote nilijua kwamba nywele zake ziko juu ya kijiti, mashamba mawili kutoka kaburini. Niliwaza kuzing'oa. Kisha nikawaza zile siku tano, na Ayanle anayengoja, nikajiambia kwamba nywele zilizokatwa si za mtu tena. Jambo hilo sikuliombea. Nimejifunza kwamba mtu huacha kuombea lile ambalo jibu lake analijua na halitaki.

Kwetu, kukiwa na msiba watu huazimana. Huyu analeta masufuria, yule viti, mwingine magunia ya kutandika chini wazee wakae. Njuki aliazima kwa cucu magunia manne. Ni mtu mwaminifu, analima muguka yake, yale majani ya kutafuna, na hana ugomvi na mtu, na hapendi kitu cha watu kikae kwake. Alhamisi moja, wiki tatu baada ya kumzika mwanawe, aliyakunja magunia akayarudisha. Cucu hakuwepo, alikuwa saluni. Njuki akaona ngazi imelazwa chini, akaisimamisha, akapanda ili ayaweke pale ambapo cucu mwenyewe aliyatoa.

Nimejaribu mara nyingi kuona alichokiona. Mwanga unaingia kwa vipande kati ya fito. Vichwa sita vya watu, kila kimoja kama ndimu, juu ya vijiti, macho wazi. Na cha katikati kina nywele za mtoto wake.

Wanasema hakupiga kelele. Alishuka, akakaa kwenye ngazi ya mwisho na magunia yake mapajani, mpaka mtu aliyekuwa akipita akamwuliza anaumwa nini.

Mimi nilikuwa Embu mjini kununua rangi ya kumalizia. Simu ikalia, ni Beverlyne, anaongea chini chini.

"Uko wapi?"

"Embu."

"Rudi. Wamemtoa cucu hapa saluni wakimburuta. Wanasema amepatikana na vichwa vya watu. Njuki ameona nywele za Igoki."

Nikamrudishia muuzaji kopo la rangi.

"Nthiga, nywele ni wewe unazichukua. Nimewaambia cucu ni wa kufagia tu, wakasema basi hata mimi nichunguzwe. Nimejifungia ndani. Rudi uwaambie."

"Nakuja," nikasema.

Nilifika saa tisa kasoro robo. Naandika saa kwa sababu ina maana. Mwenye pikipiki alinishusha nyuma ya kinu, akageuza na kuondoka aliposikia kelele. Kati ya ukuta na rundo la magunia ya pumba palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Nikasimama hapo, na niliona kila kitu.

Mbele ya kinu watu walikuwa kama mia moja, karibu wote nawajua kwa majina. Cucu alikuwa amekalishwa chini, kitambaa chake cha kichwa kimetolewa, mvi zake wazi. Mbele yake palikuwa na kifuniko cha sufuria, na juu ya kifuniko vichwa vyangu.

Njuki alikuwa amechuchumaa mbele yake. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayetaka kujua.

"Hivi ni vya nani?"

"Ni vya kazi, Baba Igoki."

"Kazi gani?"

"Kazi ya mikono."

"Mikono ya nani?"

Cucu akaanza kupangusa vumbi kwenye sketi yake.

"Kazi anayo," mwanamke mmoja akasema nyuma. "Alimaliza watoto wake wawili, akamaliza mzee. Kwake kumekwisha, sasa ameingia kwa majirani."

"Miaka hamsini tunanunua mayai yake," mwingine akasema. "Mungu ametuvumilia kweli."

Vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao kando. Mmoja akanyoosha kidole. "Huyo wa mwisho ni wewe, Kathuri. Angalia pua."

"Nitoe hapo," Kathuri akajibu. "Huyo ana ndevu. Mimi ndevu naazima." Wakacheka. Kathuri hakucheka sana. Alikuwa ameinama, anavitazama vile vichwa kwa makini.

Mzee mmoja akasema wamngoje naibu wa chifu, na wamwache mama azungumze.

"Azungumze nini? Vichwa vimeshazungumza."

Kutoka niliposimama mpaka pale zilikuwa hatua thelathini. Nimerudi siku nyingine nikazihesabu. Nilitakiwa kutembea hatua hizo na kusema neno moja. Badala yake nilimpigia simu naibu wa chifu, akasema yuko mbali lakini anakuja, nami nikaona nimefanya kitu. Kisha nikaanza kuomba. Nilisema, Bwana, mtume mtu. Nilisema hivyo tena na tena, kwa machozi ya kweli. Mtu huyo alikuwa mimi, na mimi nilikuwa naomba atumwe mwingine. Nilimwambia Mungu kwamba nina mke na watoto wawili, kana kwamba hakujua.

"Kwa mara ya mwisho, mama," nilimsikia Njuki. "Hizi nywele umezipata wapi?"

"Nilizifagia."

"Ukampa nani?"

Cucu akatikisa kichwa.

Jiwe la kwanza sikuona limetoka wapi. Nilikuwa nimefumba macho, naomba. Nilisikia sauti yake, kama mtu amegonga boga, kisha sauti ya watu wengi wakivuta pumzi pamoja. Baada ya hapo yakaja mengine. Si mengi. Watu wanadhani huwa ni mvua ya mawe, lakini yalikuja moja moja, na kati yake watu walibishana, wakamwuliza tena, wakangoja. Ndiyo maana ilichukua muda. Upande wa boma lake moshi ulianza kupanda, kwanza wa ghala, kisha ule mzito wa nyumba. Cucu aliinua uso mara moja akautazama. Kisha akautazama upande wa kinu.

Alipokuja mtu na mtungi wa petroli, nilitoka. Sitaki mtu aseme nilipata ujasiri. Miguu ilitoka, nami nikaifuata. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

"Ni vyangu," nikasema.

Hakuna aliyenisikia. Nikapita katikati, nikasimama mbele ya cucu, nikasema tena kwa sauti. Nikafungua simu, nikaiinua juu. "Ni sanamu za gemu. Nimezitengeneza mimi. Tazameni." Picha za Ayanle zilikuwepo zote: Zaruna wa mbele, wa nyuma, wa ubavuni. Simu ikapita mkono kwa mkono. Watu wakaitazama, wakatazama kifuniko, wakaitazama tena.

"Ni ukweli," Kathuri akasema. "Huyo ni Zaruna. Na huyo wa ndevu ni mlinda lango, ukimshinda ndio unaingia ngome ya tatu."

"Umejuaje?" mtu akamwuliza.

"Gemu hiyo naicheza kila siku."

Nikamgeukia. "Ulijua saa ngapi kwamba ni wa gemu?"

Alifuta vumbi kwenye kiatu chake. "Toka vitolewe ghalani."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Watu walikuwa wameshaamua. Mimi ni nani?" Akanitazama. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nimetoka Embu sasa hivi," nikasema.

Njuki hakuwa akitazama simu. "Na nywele? Nazo ni za gemu?"

"Hapana, mzee. Ni za Igoki. Zilikatwa saluni akiwa mzima, nikaletewa. Nisamehe. Cucu hana kosa, alinihifadhia tu."

Njuki akasogea mpaka kwenye kifuniko. Kisha akainama, akachukua kile kichwa chenye nywele nyekundu, akakifunga ndani ya kitambaa chake cha jasho kama mtu anayefunga yai, akaondoka. Alimpita cucu bila kumtazama. Wengine nao wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, wakitafuta watoto wao na vitu vyao. Yule mwenye mtungi alimwambia kila aliyepita kwamba petroli ilikuwa ya pampu yake ya maji.

Beverlyne alifungua saluni yake, tukambeba cucu, tukakodi gari mpaka hospitali Embu.

Kesho yake polisi walikuja pamoja na naibu wa chifu. Walikuwepo watu mia moja, na hakuna aliyeona mkono wa mtu. Wote walifika baadaye. Wote walikuwa shambani. Nami nilipoulizwa, niliandikisha kwamba nilifika saa kumi nikakuta mambo yamekwisha. Nilitia sahihi, na mkono wangu haukutetemeka.

Cucu aliweza kuongea siku ya sita. Taya lilikuwa limefungwa, maneno yakitoka upande mmoja, taratibu. Nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula, cucu."

"Kuku wangu?"

"Beverlyne anawalisha. Wamebaki saba."

Alifumba macho kidogo. Nikaona ndio wakati. "Cucu, nimekuja kuomba msamaha. Nilichelewa. Aliponipigia nilikuwa Embu, na barabara unaijua, na pikipiki..."

"Nthiga." Aliinua kidole juu ya shuka. "Mimi nimelala hapa. Usinidanganye nikiwa nimelala."

Nikalinyoosha shuka lake.

"Nilikuona. Ulikuwa nyuma ya kinu, shati la bluu. Ulifika kabla hawajaanza kunipiga."

Niliinama mpaka paji la uso likagusa chuma cha kitanda. Kisha nilimwuliza kwa nini hakunitaja. Neno moja tu lingetosha, kidole kimoja upande wa kinu.

"Ningekutaja tungekuwa wawili," akasema. "Watu wakiwa vile hawapunguzi, wanaongeza. Na wewe una watoto." Akapumzika. Muuguzi alipita, akaangalia chupa ya maji, akaenda. "Lakini nilidhani utakuja. Jiwe likija nasema, sasa atakuja. Lingine likija nasema, sasa."

"Cucu."

"Wamekuja hapa wa kanisa kuniona. Watatu. Kila mmoja ananiambia pole, laiti angekuwepo. Wote niliwaona pale, Nthiga. Mmoja alisoma na mwanangu darasa moja." Machozi yalimtoka upande wa jicho lililokuwa wazi, nikayafuta. "Kumbe nilikuwa peke yangu pale. Nilipigwa na nani? Sema ulikuwepo. Usiseme vichwa, vichwa wanajua. Sema ulikuwepo, na saa."

Nilimwahidi. Tukaomba pamoja. Yeye aliomba kwa Kimeru, kwa sauti ndogo, na sehemu kubwa sikuielewa.

Alifariki siku ya tisa, alfajiri. Mwana wa kaka yake, Gitobu, alishuka kutoka Meru kuuchukua mwili. Alisimama kwenye majivu ya lile boma akiwa na kofia mkononi, akasema shangazi yake hatalala hapa. Tulimzika milimani kwao, kwenye baridi, kati ya migomba na majani chai. Kutoka kijijini tulikwenda wawili, Beverlyne na mimi. Gitobu alinishukuru kwa kumwokoa shangazi yake na moto. Niliupokea mkono wake, na hilo nalo naliandika hapa.

Jumapili iliyofuata nilimwomba mchungaji nafasi ya ushuhuda. Alifurahi. Alisema watu wanahitaji faraja baada ya yote yaliyotokea. Nilikuwa nimefunga tangu Ijumaa, na asubuhi hiyo sikuomba atumwe mtu mwingine.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

Kanisa lilikuwa limejaa. Kathuri alikuwa kwenye ngoma, kama kawaida yake. Njuki alikuwa benchi la tatu, peke yake, maana mkewe hajatoka nyumbani tangu wamzike mtoto.

"Mnajua kwamba vile vichwa vilikuwa vyangu," nikasema. "Hilo nimeshalisema. Lakini niliwaambia nilifika saa kumi, na polisi niliwaambia hivyo. Nilidanganya. Nilifika saa tisa kasoro robo. Nilisimama nyuma ya kinu zaidi ya saa nzima. Nilikuwepo akiulizwa. Nilikuwepo akipigwa. Na ninyi mlikuwepo. Naweza kusema nani alisimama wapi..."

Kwetu mtu akishuhudia na sauti ikamkwama, mmoja huanzisha pambio ili kumsaidia, watu wakaimba kidogo mpaka apate nguvu. Ni desturi nzuri, na imenisaidia mimi mwenyewe mama yangu alipofariki. Mwanamke mmoja wa benchi la mbele akasimama na kuanzisha pambio. Sauti yangu haikuwa imekwama. Watu wakalidaka kwa haraka, wakasimama, wakapiga makofi. Kathuri alikawia kidogo, kisha akainama na kuipiga ngoma. Walirudia mara tatu, mara nne, mara sita. Mchungaji alikuja akaniwekea mkono begani.

"Mungu amekusikia, ndugu. Kaa."

Nikabaki nimesimama. Wimbo ukachoka, ukaisha.

"Nilifika saa tisa kasoro robo," nikasema.

Wakaimba tena. Safari hii sauti zilikuwa chache, na ngoma haikulia. Nilingoja wimbo ukaisha, nikaanza tena pale pale. Hakuna aliyeimba mara ya tatu. Walichukua watoto wao na Biblia zao, wakatoka kwa utaratibu, wakipishana mlangoni kwa heshima. Mchungaji alitoka nao akiwaita. Kathuri akaweka ngoma chini, akasimama kama anayetaka kuja mbele, kisha naye akatoka kwa mlango wa pembeni.

Akabaki Njuki, benchi la tatu, kofia magotini, macho sakafuni.

Nilimweleza yeye. Nilimweleza kila kitu kwa mfuatano wake, na majina, na saa: nani alimtoa kitambaa kichwani, nani alicheka, nani alisema wangoje. Nilipofika mahali pa jiwe la kwanza nilimwambia kwamba hilo peke yake sikuliona, kwa sababu nilikuwa nimefumba macho, naomba.

"Lilikuwa langu," Njuki akasema.

Aligeuza kofia yake mara moja, akaiweka kando juu ya benchi. Kisha akaniambia niendelee.